Uzi wa Mlangoni

3 Machi

Ishirini na tano, mwanangu. Mguu ule ule uliokatika kano umenyanyuka mara ishirini na tano. Nimehesabu mwenyewe kwa mdomo wangu, na Mama Redio wa nyumba ya pili alikuwepo. Alikuja kuchukua sketi yake, akabaki amesimama nayo mkononi mpaka mwisho.

Sasa ndiyo nikusalimie. Hujambo, daktari wangu? Najua utaniandikia tena kwamba wewe si daktari, ni mtaalamu wa viungo. Mimi huku mtaani nimeshawaambia daktari, na sitazunguka nyumba kwa nyumba kurekebisha. Kikohozi chako vipi? Unakula chakula cha moto au bado ni mikate tu? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinuka kwenye cherehani. Shangazi yako anakusalimu, na mdogo wako Tiara ndiyo hivyo tena, nyumba haimtoshi.

Nilifanya ulivyoniandikia, neno kwa neno. Maelezo yako nimeyabandika ukutani juu ya cherehani. Tulimpima Tiara asubuhi kabla hajatembea sana, miguu peku. Nimefunga uzi mweusi kwenye fremu ya mlango wa chumba cha kushonea, upande hadi upande, pale utosi wake unapogusa akinyanyuka kwa vidole vya mguu mzima mpaka mwisho. Akasimama chini yake kwa mguu mmoja, goti limenyooka, ncha za vidole viwili tu ukutani asipepesuke. Saa ya ukutani ikatupigia mwendo, tiki juu, tiki chini. Kila utosi ukigusa uzi nahesabu. Mguu wa kushoto, ule mzima, ukatoa ishirini na nane. Akapumzika, akanywa maji, tukahamia wa kulia. Huo wiki mbili zilizopita ulikuwa kumi na nne, utakumbuka nilivyokuandikia kwa unyonge. Sasa ishirini na tano. Hatukumwita Tiara bure. Tangu mdogo hakanyagi chini kama watu wengine.

Miezi saba, mwanangu, tangu kano ya kisigino ilipokatika jukwaani watu wakadhani ni mbao imevunjika. Leo mwalimu wake wa dansi amesema ukumbi mpya unafunguliwa mwezi wa tano, na ile dansi ya katikati, ya kuruka, ni ya Tiara akileta karatasi ya mtaalamu inayosema mguu uko tayari. Hospitali yetu ina daktari wa mifupa peke yake, anakugonga goti na kukwambia endelea. Mtaalamu tunaye, tumemzaa wenyewe. Kwa hiyo andika hiyo karatasi.

Mama yako


12 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, kikohozi kimeisha na mikate nimepunguza. Nimeisoma mara tatu, mara moja kwa furaha na mara mbili kwa kazi. Mwambie Tiara nampongeza kwa uvumilivu wake. Msalimie shangazi.

Usinikasirikie kwa nitakayouliza. Shavu la mguu ni msuli wa taratibu. Likishakaa miezi bila kazi, nguvu yake hurudi moja moja, mbili mbili. Kutoka kumi na nne hadi ishirini na tano kwa wiki mbili sijawahi kuona, na hapa kila siku napima wanariadha na wachezaji dansi wanne, watano. Kwa hiyo nijibu kama unamjibu mtu usiyemzaa. Goti lilikunjwa? Ukutani vilikuwa vidole viwili au kiganja kizima? Uzi ulikuwa pale pale?

Wiki iliyopita alikuja mkimbiaji wa masafa marefu, mtu aliyenizidi umri. Alipopita ya ishirini na moja, kisigino kikaanza kupanda nusu. Mimi nikaacha kuhesabu, yeye akaendelea kujihesabia kwa sauti, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Nikamwambia zimeishia ishirini na moja. Akaniuliza kama nina roho. Kisha akakaa kwenye benchi akalia, jasho na machozi pamoja, na mimi nikaandika ishirini na moja. Mbio zake zilikuwa Jumapili. Hakukimbia. Ndiyo kazi yangu, mama, kumtazama mtu anayetaka kitu kwa moyo wote na nisimwongezee hata kimoja.

Halafu, hesabu yenyewe. Tunataka kwa kila kumi za mguu mzima, mguu mgonjwa utoe tisa. Ishirini na tano kwa ishirini na nane inakosa kidogo tu. Mpumzishe siku nne, mrudie kupima, kisha niandikie utakachokiona.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba, ingawa barua yako niliiweka chini kwanza nikaenda kufua, ndipo nikarudi kuimalizia. Mimi mzima, mdogo wako mzima. Nimefurahi kikohozi kimekwisha.

Umeniuliza maswali kama polisi. Kabla hujazaliwa mimi nilikuwa napima watu. Umekula, umevaa na umesoma kwa futi hii hii iliyoning'inia shingoni mwangu, na leo futi yenyewe unaitilia shaka. Mke wa mkuu wa shule unamkumbuka. Kila harusi ananiletea gauni lile lile la zambarau, na kila harusi mwili umeongezeka. Simwambii kitu. Naachia kidole kimoja kwenye mshono, anavaa, anajigeuza mbele ya kioo na kusema hajabadilika tangu usichana, anaondoka shingo juu. Wewe unajua misuli. Mimi najua miili ya watu na namna ya kuistiri, na hakuna mteja aliyewahi kurudi hapa analia.

Haya, majibu. Goti halikukunjwa. Vidole vilikuwa viwili. Uzi ni ule ule mweusi, sijabadilisha. Tulimpumzisha siku nne, jana tukapima tena. Kushoto ishirini na nane, kulia ishirini na sita. Piga hesabu yako ya tisa kwa kumi uone kama haitoshi. Tiara mwenyewe alipomaliza alikaa kwenye kigoda akikanda lile shavu la mguu, ameinamisha kichwa, nikajua furaha imemzidi.

Mwalimu wa dansi anataka karatasi kabla mwezi haujaisha. Yuko msichana mwingine ameshaanza kujifunza zile hatua, na nimemwona, anaruka kama gunia. Mdogo wako ana miaka ishirini na tatu, baba. Nafasi kama hii akiikosa ataipata akiwa na umri gani? Mama Redio ameshautangazia mtaa mzima ishirini na tano, itabidi nimpe na ishirini na sita.

Mama yako


29 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi nyingi. Karatasi iko ndani ya bahasha hii, imesainiwa na kupigwa muhuri. Nimeamini nambari kwa sababu ni wewe uliyeiandika.

Mpe mwalimu masharti haya. Wiki mbili za hatua za chini tu. Baada ya hapo aruke kidogo kidogo, na akisikia shavu linavuta asimame hapo hapo.

Mwambie Tiara nikipata likizo nataka kuiona hiyo dansi, hata kama ni sebuleni.

Mwanao


26 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na shangazi na Tiara pia. Karibu mwezi sasa sijapata barua, na wewe huwa hupitishi siku kumi. Nikipiga simu haipatikani. Shangazi amesema mko salama, akakata haraka kama amechomwa. Tiara nimemwandikia ujumbe mara tatu. Jana amejibu maneno mawili tu: "Muulize mama."

Nakuuliza, mama.

Mwanao


9 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo barua inavyoanza.

Mdogo wako yuko kwenye magongo. Masharti yako waliyafuata yote, usimlaumu mwalimu wala mtoto. Wiki mbili hatua za chini. Siku ya kwanza ya kuruka, mruko wa tatu, alitua kisha akakaa chini taratibu kama mtu aliyeambiwa akae. Hakupiga kelele. Mwalimu anasema alidhani anafunga kamba ya kiatu, kumbe hakuwa na viatu. Daktari wa mifupa amempeleka kwenye picha, na picha inasema kano imeshika ila shavu la mguu limechanika. Ile dansi amepewa msichana mwingine. Nilisema anaruka kama gunia. Si kweli, anaruka vizuri.

Sasa lile lenyewe. Uzi niliushusha, mwanangu.

Siku ile ya kwanza, mguu mzima ulipomaliza, Tiara alikwenda jikoni kunywa maji. Uzi nilikuwa nimeubana kwa pini, si kwa msumari, kwa mazoea ya kazi yangu. Nilimkumbuka wiki mbili nyuma, utosi ulipokosa uzi mara ya kumi na tano, sura aliyoifanya. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Kidole kimoja chini, kama ninavyomwachia mteja, ili naye ajitazame na kusema hajabadilika. Mama Redio alikuwa anakagua pindo la sketi, hakuona. Mara ya pili, baada ya barua yako, nilishusha kidole na nusu. Uliponiuliza kama uzi ulikuwa pale pale, nilikujibu ni uzi ule ule mweusi. Nilijua ninachofanya nilipoandika hivyo. Niliinua kalamu, nikafikiri, nikaandika.

Miaka yote nimewaachia watu kidole na hakuna aliyeumia, kwa sababu gauni halibebi mtu. Hilo sikuliwaza.

Tiara ananisalimia asubuhi na ananisalimia jioni. Katikati hakuna. Mama Redio haulizi kitu, naye asipouliza ujue anajua. Mdogo wako sijamwambia. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe huwezi kuniona usoni.

Mama yako


18 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku mbili kabla ya kujibu, nisije nikaandika la hasira. Mimi mzima.

Nikwambie kwanza la kazini, usije ukalisikia kwingine. Nilikwenda kwa mkuu wangu na nakala ya ile karatasi, nikamwambia nimesaini kipimo nisichokiona. Amenitoa kwenye chumba cha kupimia kwa miezi mitatu. Nafundisha wagonjwa kutembea na magongo. Amefanya sawa. Angekuwa mama wa mtu mwingine ameniandikia ishirini na sita, ningemjibu mlete huyo binti nimpime mwenyewe. Kwa hiyo usilibebe peke yako, nusu ni yangu.

La pili ni la uzi. Kisigino cha Tiara kinapanda kama vidole vitano. Ukishusha kimoja umepunguza sehemu ya tano ya kila mnyanyuko, na ni ile ya juu kabisa, ambayo shavu la mguu linaifanyia kazi kuliko zote. Anapotua kutoka kwenye mruko ndiyo anayoihitaji. Ulimwachia pale pale ambapo hakutakiwa kuachiwa.

La tatu, mwambie. Kwa mdomo, si kwa karatasi, na usimpitishie shangazi.

Wiki hizi aweke mguu juu, asikimbilie. Akiruhusiwa kuacha magongo, aanze kunyanyua visigino akiwa amekaa, kisha amesimama kwa miguu yote miwili, mwisho kabisa kwa mmoja. Asipimwe na mtu. Likizo yangu ni Novemba, nitakuja nimpime kwa macho yangu. Na wewe, mama, siku utakayokuwa na nafasi, rudisha uzi, uuweke kwa urefu wako wewe, usimame chini yake kwa mguu mmoja. Sikwambii kwa kukukomoa. Nataka tu ujue ile ya kumi na tano inavyokuwa.

Mwanao akupendaye


27 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba ya miezi yote. Hujambo? Chumba chako cha kupimia wamekurudishia sawasawa, hakuna anayekutazama vibaya? Mimi mzima, mgongo ule ule. Shangazi mzima. Najua tangu Mei nimekuwa nakutumia salamu za simu tu, mstari mmoja mmoja. Nilikuwa sina la kuandika mpaka liwe limefanyika.

Nilimwambia mwezi wa sita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda ananisaidia kufumua mshono, magongo yameegemea mlango ule ule. Nikasimamisha cherehani nikasema yote, kidole kimoja na kidole na nusu. Hakuinua kichwa. Aliendelea kufumua mpaka uzi ukaisha, ndipo akasema, "Nilijua, mama. Utosi wangu unajua ulipo. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unahesabu kwa furaha, na mimi nilikuwa naitaka ile dansi."

Miezi ile yote nilidhani ananinunia mimi. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa anamficha mwenzake jambo lile lile. Nilitaka kulia, nikaona si zamu yangu. Nikamwambia alete lile gauni lingine tuendelee. Tulifumua mpaka jioni, na ilipofika saa ya kula tukawa tunabishana kuhusu chumvi kama zamani.

Nilijipima pia, ulivyosema. Nilingoja Tiara atoke ndipo nikafunga mlango. Mguu wa kulia, ambao umekanyaga pedali miaka yote hii, umetoa kumi na tisa, na nikwambie ukweli, kwa umri wangu wangenipa medali. Wa kushoto kumi na mbili. Lakini zile za mwisho, mwanangu. Unanyanyuka, na uzi uko pale unauona kwa juu ya macho, na hauugusi. Kuukosa huko unakusikia mpaka kwenye meno. Peke yangu chumbani, hakuna anayeniona, mkono wangu uliinuka kuelekea kwenye pini. Niliutazama huo mkono. Niliurudisha ukutani, vidole viwili, nikaandika kumi na mbili.

Tiara ameacha magongo tangu Julai. Alianza amekaa, kisha kwa miguu yote miwili akishika meza ya kukatia. Mwezi wa tisa akaanza kwa mguu mmoja. Simhesabii. Akiwa mlangoni mimi nageuza kiti, namwachia mgongo, nashona. Nasikia pumzi tu. Sijui anafika ngapi na sijauliza, na wewe unajua inavyonigharimu mimi kutouliza.

Mwalimu wa dansi alipita juzi. Amesema ukipima wewe, ikafika tisa kwa kumi, anamrudisha kwenye kikundi kuanzia mwakani. Isipofika, Tiara amesema mwenyewe ataacha kuruka, moja kwa moja, hatarudi tena kuuliza. Alisema huku anakunja mikono ya sweta, kwa sauti ya kawaida. Usiku huo sikula vizuri.

Uzi umewekwa upya. Alama kaiweka Tiara mwenyewe kwa penseli, kwa mguu wake mzima, na seremala akapigilia misumari pande zote mbili. Pini zote nimezirudisha kwenye kopo. Ukitaka kuushusha huo uzi sasa, uje na nyundo na mtaa mzima usikie.

Na mtaa wenyewe nimeuzunguka. Niliwapa ishirini na tano, nikawapa na ishirini na sita, kwa hiyo nimekwenda nyumba zile zile nikawaambia hazikuwa kweli, na zilivyopatikana. Mke wa mkuu wa shule akaniuliza kuhusu gauni lake la zambarau. Nikamwambia. Amesema nimshonee jipya, kwa vipimo vyake. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika milangoni mwa watu, nikaona nimalize yote, nikawaambia na mwanangu si daktari, ni mtaalamu wa viungo. Mama Redio akasema hiyo alikuwa anaijua siku nyingi, alikuwa ananionea haya tu.

Nimewaalika wote waliosikia ishirini na tano. Tiara ndiye aliyetaka, mimi nilitaka tufunge mlango. Amesema waliisikia hesabu yangu ya uongo, waje wahesabu kwa kweli. Mwalimu wa dansi atakuja na yule msichana anayeruka vizuri. Shangazi atakuja. Viti nimeazima, vitakaa barazani hadi uani, mlango uko wazi kila mtu ataona utosi na uzi. Kazi ya kuhesabu ni yako, na ikiwa kumi na mbili useme kumi na mbili, kwa sauti ile ile uliyomwambia yule mkimbiaji. Mimi nitakuwa kwenye cherehani, nimewageukia, mikono mapajani, midomo nimeifunga. Hapo pa midomo niombee.

Usichelewe, baba. Basi la Ijumaa linafika jioni, utapata muda wa kupumzika na kumwona kwanza. Watu nimewaambia wawe wameshakaa kabla ya saa nne asubuhi, Jumamosi, tarehe ishirini na moja Novemba.

Mama yako